Sindano Mbili

Ile ya kofia huitia uzi mwenyewe.
Mkono ukitetemeka, nangoja.
Mtetemo ni wa dawa, si wa hofu,
alisema Nesi Mbeyu; usiuchukie, upe kazi.
Nikaupa kofia ya vito.

Kazi yenyewe ni hii: unatoboa kitambaa,
kisha unalizunguka tundu kwa uzi
lisichanike likapita hapo.
Basi. Matundu mia, matundu elfu,
na watu huita urembo.

Mwaka ule sauti ziliingia
kama ugomvi wa jirani, ukuta kwa ukuta,
ila hizi zilinijua jina, na jina la baba marehemu.
Zikasema maji ya birika yametiwa kitu.
Siku tatu sikunywa.
Siku ya nne nilitoka Langoni mpaka Mkomani, kifua wazi,
watoto nyuma, "Famau kichaa!",
na punda peke yao wakanipisha.

Mama alileta kombe la zafarani.
Nilidhani nesi atalikataa, huyu Mgiriama wa Malindi
aliyevua viatu mlangoni, akakaa mkekani.
Akasema: kombe anywe, na kidonge ameze,
koo ni moja, havitagombana.

Kisha akanigeukia mimi. Mimi, si mama.
"Leo zinasemaje?"
Nikamwambia. Akaandika
taratibu, kama aandikaye bei ya mchele.
"Na wewe? Wewe unasemaje?"
Nilitafuta la kusema hadi adhana ya alasiri.
Hakuangalia saa.

Sindano ya pili ni yake:
Jumanne ya kwanza ya mwezi, bega la kushoto.
Kuna mwezi dawa haikufika kisiwani.
Alikuja vivyo hivyo, mkoba mtupu,
akasema, leo zamu yako, nifunze sindano yako.
Tundu lake la kwanza lilikwenda pogo,
limekodoa kama jicho la changu sokoni.
Tulicheka. Mama akatoka jikoni
kutazama ni nani anayecheka.

Sijapona; nisiandikiwe hivyo.
Usiku mwingine bado zinabisha,
nami nawasha taa, nashona, nazihesabia matundu kwa sauti,
moja, mbili, mpaka zichoke zenyewe.
Kuna siku nachoka mimi kwanza.
Siku hizo mama hupiga simu,
na Mbeyu haingoji Jumanne.

Ile kofia nimeimaliza.
Tundu pogo sikulifumua. Lipo nyuma, karibu na sikio,
limezungushwa uzi mara mbili.
Aliinunua Shekuwe, bwana harusi,
mmoja wa wale watoto wa nyuma yangu.
Aliigeuza, akaitazama kwenye mwanga,
akauliza bei.
Sikumpunguzia hata shilingi.