Simu ya Saa Nne

Saa nne kasoro dakika tano
nafuta mikono kwenye leso,
nakalia kile kiti kisicho na pa kuegemeza mikono,
kama nilivyoagizwa,
na simu nailaza pajani, uso juu.
Jana tuliichaji kwa Osundwa, shilingi ishirini;
stima ya Obunga huja kwa hiari yake.

Inalia.
"Mama Dorsila, tuko?"
Tuko.
"Zablon wa Chemelil?" Kikohozi. Yuko.
"Yunia wa Ahero?" Jogoo anaitika kwanza, halafu Yunia.
Na yule mzee wa Seme asiyependa kutajwa jina.
Vifua vinne vibovu,
na dada Vihenda, ambaye sura yake siijui,
anatuhesabia kutoka hospitalini.
Si mbali. Kilomita nne.
Kwa pumzi zangu, ni Kampala.

"Inuka bila kushika. Kaa. Inuka."
Moja.
Mbili.
Tatu,
          ngoja,
nne.
"Toa hewa polepole, midomo umeibana,
kama unapuliza chai ya moto mbele ya wakwe."
Tunacheka, na kicheko kinatugharimu dakika nzima.

Pafukapo moshi hapakosi moto:
aliyenena hivyo hakukiona kifua changu.
Moto wangu ulizimwa zamani.

Miaka ishirini na sita nilikaanga mgongo wazi.
Minofu ya mbuta ilipanda ndege,
kichwa na mifupa vikashuka kwetu kwa mikokoteni.
Kuni mbichi. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi.
Masika, kuni zikigoma, vipande vya tairi.
Mifupa ile imesomesha watoto watano, siitukani.
Ila moshi ulikuwa mpangaji:
haukulipa kodi, na haukuhama.

Nilipoanza kutweta nikienda bombani
majirani walitenga vikombe vyao.
Makohozi yangu yakapimwa mara tatu, hamna kitu.
"Nenda nyumbani ukapumzike," wakaniambia.
Nyumbani ndiko ulikokaa moshi.

Sasa nina vyuma vyangu:
chupa mbili za nusu lita, nimezijaza mchanga.
Nina uwanja wangu wa mbio:
mlangoni hadi choo cha Mama Apondi, na kurudi,
dakika sita, watoto wa ploti nyuma yangu
wakihesabu kwa Kijaluo na kugombania hesabu.
Wiki ya kwanza, safari sita.
Wiki ya nane, kumi na moja, na moja waliyoniibia.

Alhamisi moja mtandao ulikatika tukiwa kwenye saba.
Nikabaki na simu bubu pajani.
Nikainuka.
Nane.

Mwisho wa mwezi walituita tupimwe.
Benchi limejaa, nikaketi nyuma, kimya, nikirudisha pumzi.
Msichana mfupi mwenye sare ya hudhurungi akapita na faili;
mdogo kuliko kitinda mimba wangu.
Akasimama akiwa amenipa mgongo.
"Mama Dorsila?"
Sikuwa nimetamka neno.
"Hiyo pumzi," akasema, akigeuka,
"hiyo inayosita kabla ya nne."
Nilikuwa nimemwazia mrefu.

Kikaangio sasa anacho Mercyline, mkaza mwanangu.
Nimemwambia asimame upande utokako upepo,
nimemwambia kuhusu tairi.
"Ndiyo, mama," asema, na kuni anazisukuma ndani.
Ana miaka ishirini na minne,
anabeba ndoo kichwani huku anaimba.
Nitamwonyesha nini, naye anaimba?

Basi saa nne ikifika, simu ikilia,
nafika tatu, nasita,
halafu namwita kwa sauti:
Mercyline, njoo, hesabu imenipotea.
Anakuja, macho mekundu, anajipangusa,
anakaa chini karibu na miguu yangu
na kunihesabia mpaka ishirini.

Haijanipotea.