Ukurutu wa Bikoni

Mimi ni mfyekaji. Nalipwa kwa kiwanja,
si kwa saa, wala si kwa jasho.
Mabwepande, Kitalu F: nyasi zinanijua kwa fyekeo,
nami naijua ardhi, maana mfyekaji hutazama chini.
Chini ndiko nilikouona ule ukurutu,
madoa ya rangi ya majivu, kingo zake kijani kilichopauka,
umegandamana na mchanga
kama uji uliokaukia sufuriani.

Nikadhani ugonjwa. Nikauparua kwa ncha ya kiatu.
"Usiukwangue," akasema Mwantumu,
binti wa chuo, yuko magotini, kioo cha kukuzia jichoni,
suruali imejaa vishonanguo.
"Hiyo ni kuvumwani."
Kuvu na mwani: wawili wamekodi jina moja,
kama wapangaji wa Manzese wanaochangia mita ya umeme,
mmoja anapika kwa jua, mwenzake anashikilia ukuta.

Na hiki kando yake, kilichojisokota kama tumbaku?
Kigoga. Akafungua chupa yake ya maji,
akadondosha matone matatu.
Hata sijamaliza kukohoa, kile kikavu kikafumbuka,
kijani kibichi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina usingizini.

Tangu siku hiyo nakanyaga kwa hesabu.

Nilidhani kutunza ni kuacha.
Kipo kiwanja cha mtu aliyeko Maskati,
miaka mitatu hakijaguswa, nyasi zinanifika kwapani.
Nikazitenga kama nywele za mtoto anayetafutwa chawa:
chini giza, majani yaliyovunda, jongoo mmoja.
Kuvumwani imekufa kwa kivuli.
Imekufa kwa kuheshimiwa.

Jirani yake huchomwa kila Agosti. Moto husafisha, wanasema.
Kweli ulisafisha:
mvua ya kwanza ya vuli ilikuta mchanga hauna wa kuushika,
ikaubeba mpaka lami, ikaziba mtaro,
na watu wakailaumu manispaa.

Ila wanapopita mbuzi wa Chausiku, ishirini na mmoja,
leo wapo, kisha hawaonekani hadi wiki ya tatu,
hapo kigoga kimeota hata ndani ya alama za kwato.
Siku walipofungwa kamba palepale, wakalala, wakanya,
pakaungua pia, bila kiberiti.

"Sasa nifyeke au nisifyeke?"
"Fyeka kidogo."
"Kidogo kiasi gani?"
Mwantumu akacheka. "Ndicho ninachokisomea."

Mwezi uliopita mwenye 417 alishuka garini na karatasi zake.
Bikoni imeota ukurutu, namba haisomeki,
na mtu wa benki anakuja kupiga picha.
Akanipa brashi ya waya na elfu kumi.

Nikapiga magoti.
Doa la ukubwa wa sarafu ya mia, niliambiwa,
laweza kumzidi umri mwanangu Shomvi
anayemaliza la saba.
Nikakwangua nne. Nikakwangua moja. Nikakwangua saba.
Unga wa kijivu ukaniingia kucha.
Ubavu unaotazama Bagamoyo sikuugusa.

"Mbona hujamaliza?"
"Namba inasomeka, bosi."
Akaitazama namba, akaitazama simu, akaondoka.
Greda litakuja baada ya Idi, au baada ya mkopo,
mimi siambiwi mambo hayo.

Jana kulipita rasharasha.
Nilikwenda na fyekeo begani, sikufyeka.
Ubavu ule ulikuwa umeshaamka,
umelowa, umevimba, una kijani cha kunong'ona.
Upande wa pili zile tarakimu,
nne, moja, saba,
zimekaa nyeupe, kavu,
hazina habari kwamba kumenyesha.