Zamu ya Waya

Bodi yenyewe ni ndogo kama kipande cha sabuni.
Tuliifunga Kidia, penye lango la mfongo,
ndani ya ndoo ya rangi iliyokwisha,
ikeshe, ipime maji,
ifungue kibao saa za watu wa chini,
ikifunge saa za watu wa juu.
Haina kioo, haina vitufe.
Ukitaka kusema nayo ni nyaya tatu:
wa kutuma, wa kupokea,
na wa ardhi, ili pande mbili
zikubaliane sifuri ni ipi.

Mwaka wa kwanza nilipanda na laptopu mgongoni,
nikachuchumaa kwenye migomba ya Mama Ndesario
kama mwizi wa ndizi.
Mbwa wake alinizoea kabla yake.

Aikande akasema: kwani lazima tupande?
Akaficha kompyuta kuukuu katika banda la mbuzi,
hatua sita kutoka langoni,
na mimi, chumbani kwangu Pasua,
nikaandika skripti ya mistari kumi na tisa.

Skripti si kitu. Ganda la karanga:
ukilibonyeza, ndani kuna punje mbili.
Amri ya kwanza inapanda mlima kwa mtandao
na kubisha hodi bandani.
Ya pili inashika mkia wa waya
kwa kasi ya laki moja na elfu kumi na tano na mia mbili.
Kosea kasi hiyo, na bodi itakuongelesha
kama mtu anayeweweseka kwa lugha isiyo na wenyewe.
Mimi nilisahau nafasi moja baada ya mabano,
nafasi ya upana wa punje ya ulezi,
Jumamosi nzima ikaenda.

Usiku ilipokubali,
herufi zikashuka moja moja kwenye kioo
kama matone ya kwanza juu ya bati:
kiini kimeamka. saa haijulikani. lango limefungwa.
Nikacheka peke yangu. Nikaandika: umeshindaje?
Ikajibu kwamba haiijui amri hiyo.

Mwezi wa tatu Aikande akahamia Arusha.
Tulikuwa hatuongei. Niishie hapo.
Nywila hakuna aliyebadilisha.

Masika, saa nane usiku, Mama Ndesario kwenye simu:
kibao kimegoma, maji yamo vihambani,
watu wameamka na majembe, na si ya kulimia.
Nikaita skripti. Ikapanda, ikabisha, ikafunguliwa.
Maneno yakaja yametobolewa:

        lnolmkaa

Nikadhani mbuzi wametafuna waya.
Nikadhani ndoo imevuja. Nikakagua kasi, mara mbili.
Ndipo nikakumbuka: waya mmoja, masikio mawili,
herufi akiiokota mmoja, mwenzake haipati.
Mahali fulani mtu alikuwa na nusu nyingine.

Nikapiga. Simu haikuita mara ya pili.
"Mimi nina *ag*, nafasi, *iewm*," akasema, bila salamu.
Tukasoma kwa kupokezana,
watoto wawili, dawati moja, kitabu kimoja:
l, a, n, g, o.
Lango limekwama.
"Toka, nishughulike."
"Utoke wewe."
Nikatoka mimi.
Kupitia simu nilisikia vitufe vyake vikigonga,
na saa tisa kasoro robo maji yakarudi njia yake.
Hakuna aliyesema usiku mwema.

Asubuhi nikaongeza mstari wa ishirini, kufuli:
anayeingia huacha faili yenye jina lake,
anayekuja nyuma husoma na kungoja.
Faili nikaiita *sale*.
Jani hilo huku kwetu hugawa mpaka wa vihamba,
na jani hilohilo hupelekwa kuomba radhi.
Kwenye maelezo ya skripti sikuandika
nilikusudia lipi.

Jana lango lilikuwa zima, maji yametulia,
sikuwa na shida yoyote na Kidia.
Nikaita tu.
Ikasema: *zamu ya aikande, tangu saa tatu na dakika sita.*
Ilikuwa saa nne na nusu.
Nikaacha kioo kikiwaka,
nikaenda kuinjika chai.