Gitaa la Kundaeli

Limelala uvunguni, Pasua, miaka thelathini na moja,
ndani ya gunia la kahawa lenye muhuri uliofifia.
Leo nimelivuta. Vumbi, mavi ya panya, halafu
jekundu! Chengachenga za fedha ndani ya wekundu,
kama mtu kasaga chupa ya soda
akaimwagia vanishi.

"Wataliano hao walizoea kuunda kodiani,"
asema mama mdogo Ndeonasia,
"ndiyo maana lina vitufe vyote hivyo."
Nabonyeza kimoja. Kimezama, hakirudi.

Kundaeli alilipata kwa fundi wa mashine za kukoboa,
kwa mbuzi wawili na saa ya mkononi.
Jumamosi alishangiliwa, Jumatatu alidaiwa kodi ya chumba.
Mama mdogo haongezi neno.

Pale kiwiko chake kilipoegemea
ganda limepauka, limejikunja ukingoni, halina hata nyota moja.
Kwingine kote bado linawaka.

Amplifaya sina. Nagusa waya uliobaki,
wa tatu, wenye kutu.
Unatoa sauti ya nyuki aliyenaswa kibuyuni.
Mama mdogo anaacha kuchambua maharage.
"Umekosea," asema. "Yeye alianzia juu zaidi."