Viatu Namba Arobaini na Tatu

Kochi la mama mdogo Tsiala
hukunjuliwa saa nne usiku, baada ya taarifa ya habari,
hukunjwa alfajiri kabla Gega hajaamka
kuifuata katuni yake.
Kati ya saa hizo mbili mimi nina nyumba.
Nje ya hapo nina mkoba chini ya ngazi
na mswaki ndani ya glasi ya watu.

Mgeni siku mbili, husemwa, ya tatu mpe jembe.
Leo ni ya tisini na moja.
Jembe lenyewe ndilo nililolifuata Thesaloniki.
Nimebisha bandarini, nimebisha kwa wasaga ngano,
na hotelini, ambako msichana alilitazama jina langu
kama atazamavyo mtu mwiba wa samaki kwenye kijiko,
akasema nitapigiwa simu.
Kutaisi nilikuwa nachora madaraja.
Hapa siwezi kuomba hata kazi ya ufagio
bila kukosea kitenzi.

Hawasemi neno. Hilo ndilo linaloniumiza.
Laiti Avtandil angegonga meza mara moja tu,
akauliza nani kamaliza jibini,
ningejua pa kusimama.
Badala yake anaisukuma sahani upande wangu
na kusema ameshiba.
Mtu aliyebeba vigae tangu asubuhi, ameshiba!
Nimejifunza kukata mkate mwembamba
hata ukiuinua kwenye taa unamwona jirani.
Nimejifunza kuoga kwa kuhesabu hadi sitini,
kukohoa ndani ya mto,
kuicheka katuni nisiyoielewa ili Gega asinichoke.

Na kila asubuhi, mfukoni mwa koti langu,
sarafu mbili.
Mama mdogo huzitia akijifanya ananipangusa vumbi begani.
Ni nauli, wala hasemi ni nauli.
Anawahi kwenda kumwogesha kikongwe wa Kigiriki
anayemwita kwa jina la binti yake aliyekufa,
naye huitika.

Sikupanda basi.
Nilitembea, kutoka Ano Poli kilimani hadi gatini,
mvua ya pembeni ikinichapa shavu,
na sarafu nikazitia kwenye soksi
nyuma ya mashine ya kufulia.
Nilikuwa na hesabu yangu: zikifika mia mbili
nitazimwaga mezani, zilie,
niseme, haya, chukueni, sikuwala ninyi.
Fadhila za punda ni mateke, najua.
Lakini yapo mateke mtu hujipiga mwenyewe.

Jana jioni nikakuta boksi juu ya kochi.
Viatu vyeusi, namba arobaini na tatu.
Bei imebanduliwa, gundi imebaki.
"Soli zako zinacheka," Avtandil alisema,
macho kwenye runinga.
"Basi gani hilo linalokula soli?"
Mama mdogo akainamia sufuria.
Gega ndiye aliyejibu, kwa Kigiriki kisha kwa lugha yetu:
ipo soksi nyuma ya mashine, ina pesa,
yeye ameiona zamani, amezihesabu mara tatu,
na moja ameazima.

Kimya.
Kisha Avtandil akaanza, mabega kwanza,
mama mdogo akashika meza,
wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Mimi nilicheka wa mwisho,
na sikujua kama ni kicheko.

Sarafu zimo kwenye bakuli la sukari.
Hakuna anayezigusa.

Mimi huvaa arobaini na mbili.
Sikusema. Nimevaa soksi mbili mbili,
ile iliyobeba pesa ni mojawapo.
Kuna tanuri la mikate upande wa stesheni,
wanataka mtu wa kubeba magunia, labda.
Asubuhi hii mfukoni mlikuwa na sarafu mbili,
kama kawaida.
Nimezitumbukiza kwenye mashine ya tiketi, zikalia kidogo,
nikaketi kiti cha nyuma, miguu nimeinyoosha,
na kila basi lilipopiga kona
visigino vyangu vilicheza ndani ya ukubwa wao.