Mtungi wa Mselem

Stika ilisema tarehe kumi na nne.
Kila asubuhi niliketi nyuma yake,
namba zikinitazama kinyume, kwa ndani,
kama deni lililoandikwa na mtoto.
Kumi na tatu usiku ndipo nikaanza kuosha.

Nyevu alishika tochi. Ana miaka tisa,
haulizi mengi mkono ukichoka.
Maji yalitoka mekundu chini ya milango,
na si udongo, nilijua:
miaka sita ya chumvi ya Gongoni,
magunia yaliyolowa yakidondoka polepole
hadi pikapu ikaliwa kutoka tumboni.
Upande wa abiria sakafu ina tundu
la ukubwa wa sahani.
Nikalifunika kwa mkeka wa mamangu,
ule wa milia ya zambarau. Nikaukanyaga, ukatulia.

Vilivyobaki niliazima.
Pembetatu ya kuakisi kwa jirani wa teksi,
gurudumu la akiba kwa shemeji, bado lina meno,
jeki kwa mtu ambaye simsalimii.
Na mtungi wa kuzimia moto kwa Mselem, Maweni,
anayeukodisha mia mbili kwa siku,
mia tatu ukilala nao.
"Urudishe kabla ya adhuhuri," akasema,
"Charo ana zamu yake saa saba."

Afisa Thoya hakuwa na haraka.
Penseli sikioni, nyundo ndogo mkononi,
akaigonga pikapu mbavuni, akasikiliza.
"Taa." Nikawasha.
"Waipa." Moja ilifanya kazi, nyingine ilipunga mkono.
"Honi." Ikalia kama mbuzi aliyekumbuka jambo.
"Breki." Hizo ninazo.
Hizo nilinunua kwa pesa ya bati la jikoni.
Akasoma namba ya chesisi kwa kidole, herufi kwa herufi,
akaikuta ni yangu. Nikashusha pumzi.

Kisha akafungua mlango wa abiria,
akautoa mtungi, akaupima kwa mikono miwili,
akaugeuza. Pale ulipobonyea ubavuni
mtoto wa mtu alikwishachonga kwa msumari: SALE.

"Huyu," akasema, "namjua.
Jumatatu alikuja na lori la mchanga.
Jumanne na teksi ya Muyeye.
Jana alikuja mara mbili,
jioni amefungwa utepe mpya shingoni.
Malindi nzima hakuna chombo
kilichokaguliwa kama huyu."

Foleni ikanyamaza.
Nyuma yangu madereva tisa wakatazama viatu vyao.
Charo, nilimwona kwenye kioo, aliinama
kama mtu aliyedondosha sarafu,
na saa saba bado.

Afisa akachomoa pini, akabana.
Mtungi ukasema fff,
pumzi ya mgonjwa anayekataa uji,
na vumbi jeupe kidogo likatua juu ya mkeka.
Ndipo akautazama mkeka.

Mamangu alizoea kusema
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hakuniambia lolote juu ya kitu changu mwenyewe
ninachojifichia.

Aliuinua kwa ncha ya nyundo.
Tundu likaonyesha changarawe, kizibo cha soda,
sisimizi wawili wakibeba kitu chao.
Nilikuwa nimeshaandaa majibu:
mume, ada, bei ya chuma, mvua.
Hakuuliza hata moja.
Alimtazama Nyevu kwenye kivuli cha ukuta
akihesabu magari. "Huyu hukaa wapi mkisafiri?"
Nikanyoosha kidole.
Kidole kikabaki pale, kimeelekea tunduni,
muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Akaandika HAIKUPITA. Nirudi baada ya wiki mbili.
Mtungi akauweka juu ya meza yake, kando ya chai.
"Huyu amestaafu."
Mselem atanidai. Charo hatanisalimia,
na mwenye jeki akisikia atacheka mpaka Ijumaa.

Nikawasha gari, polepole, kwenda kwa Ngumbao mchomeleaji.
Mkeka niliukunja nikautupa nyuma.
Nyevu akauona mwanga sakafuni, akainama:
"Mama, barabara inakimbia!"
Sogea huku kwangu, nikamwambia, miguu juu,
na safari hii nikamweleza kwa nini.