Kona ya Ghorofa ya Tatu

Saa kumi na moja na robo, ofisi za Mkwepu zikishatema watu,
namsikia kabla sijamwona:
kwiii, ghorofa ya nne,
kwiii, ya tatu,
gari dogo la rangi ya maziwa ya unga
linashuka taratibu kama mtu aliyebeba trei ya mayai,
na bado linapiga yowe kama limeibiwa.

Walinzi wenzangu hucheka: "Huyo anajiona yuko mashindanoni."
Mimi wa kibanda cha tiketi naiona mikono yake,
Bwana Mapunda wa masijala,
ameuzungusha usukani mpaka umegoma,
anakata kona kama anayeomba radhi kwa kila nguzo.

Mkopo wake wa miaka miwili, hilo gari.
Ameshabadilisha bushi. Matairi ya mbele, mapya.
Fundi mmoja alimwuzia mafuta ya usukani, chupa tatu.
Likaendelea kulia.

Jumamosi akaja na Mgaza kutoka Gerezani,
mtu mfupi, mkono mmoja mweusi wa grisi,
mwingine ameutunza msafi kwa ajili ya chakula.
Boneti hakuigusa.
Alitoa chaki mfukoni, akachuchumaa,
akayapaka matairi ya mbele.
"Kata kona. Polepole. Polepole zaidi. Kelele isikutishe."

Likakata, likalia,
sakafuni ikabaki mistari miwili:
wa ndani umejikunja, mfupi,
wa nje umekwenda kuzunguka mbali,
na unga wa chaki umepakazika ubavuni
kama herufi aliyoifuta mtoto kwa kiganja.

"Unaona? La ndani lina duara lake, la nje lina lake.
Yangeachiwa, kila moja lingekwenda kwake bila ugomvi.
Ila yameunganishwa kwa fimbo moja, chini ya gari moja,
na fimbo haijui hesabu ya kona kali namna hii.
Basi lazima moja liburutwe kwa ubavu.
Mpira unang'ang'ania sakafu, unavutika, unaachia,
unang'ang'ania, unaachia,
mara mamia kabla hujapepesa jicho.
Ndio huo mlio. Si ugonjwa."

"Mbona kwangu Chanika halilii?"

"Chanika mchanga. Mchanga unakubali kusukumwa.
Hapa wamepaka rangi, sakafu imekuwa sahani.
Hujawahi kuingia benki na raba mpya?
Na hizi kuta nazo, kazi yao kurudia maneno ya watu."

Bwana Mapunda akalipa elfu tano
ya kuambiwa hakuna kitu.

Mimi nikabaki na ile mistari.
Nikakumbuka Buguruni, siku tuliyombeba baba mdogo,
kichochoro cha nyuma ya kisima, jeneza refu, ukuta wa matofali mabichi.
Kwenye kona sisi wa ndani tulikanyaga palepale,
wa nje walikimbia nusura waanguke,
na jeneza halikutaka kujua nani yuko upande gani.
Kaka yangu Seif alikuwa nje.
Mwaka wa pili huo hatusemeshani,
kisa nyumba ya huyohuyo tuliyembeba.
Nilisikia ndala zangu zikikwaruza changarawe, krrr,
nikaona haya, nikadhani msafara mzima umesikia.
Kona ikaisha. Tukaenda sawa mpaka makaburini,
bega kwa bega, hatua kwa hatua.
Kisha kila mtu kwake.

Jumanne mvua ilianza alfajiri.
Magari yaliingia na maji ya Jangwani,
sakafu ikalowa mpaka juu.
Saa kumi na moja na robo nikatega sikio.
Ya nne, kimya.
Ya tatu, kimya.
Akatokea mbele yangu, akashusha kioo,
uso wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta redio imezimwa.

"Leo halijalia."

"Maji, bwana. Yamepita katikati."

Akaitika kwa kichwa. Hakuondoka.
Nyuma yake honi, mbili, tatu.
Nikainua kizuizi,
nikakishikilia juu kuliko kawaida.